Pipi za Yatima

Mume wangu alipofariki nilikaa eda Kariakoo, ghorofa ya tatu, katika chumba kinachoangalia maduka ya vitambaa. Miezi minne na siku kumi. Sikulia. Watu walisubiri nilie, na nilipozidi kutolia wengine wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nilikuwa nimekufa ganzi tangu ilipopigwa simu kutoka dukani kwamba ameanguka, na ganzi ile haikuniachia walipomrudisha akiwa maiti, wala walipombeba kwenda kumzika. Nilikula nilipoambiwa nile. Nililala taa ilipozimwa. Nilipoulizwa jambo lolote nilijibu, "Sawa."

Mama mkwe alifunga nyumba yake Buguruni akaja kukaa nasi. Yeye alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee wa kiume, na bado ndiye aliyekuwa akiwasha jiko, akipokea wageni na kukumbuka kuanika nguo. Sikumshukuru. Hata kumwonea huruma sikuweza, na nasema hivyo kwa aibu, maana alistahili.

Kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu. Wengi walileta sukari, kilo moja moja, mbili mbili, hadi paketi zikapangwa jikoni kufikia usawa wa dirisha. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa na yatima, kila mgeni alikuja na kitu kidogo cha yatima. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na nusu. Tangu madrasa tumefundishwa kwamba kumpapasa yatima kichwani ni thawabu, na ukimwekea kitu mkononi, thawabu inazidi. Basi walimpapasa. Walimwekea pipi, biskuti, kashata, juisi za boksi. "Masikini yatima wa watu," walisema, "shika." Alishika. Hata siku bonde la Jangwani lilipojaa maji na barabara ikafungwa, walikuja waliozunguka mbali, viatu mkononi, pipi kwenye mkoba.

Kulikuwa na jambo jingine. Mtoto alikuwa akiuliza baba yake yuko wapi. Aliuliza asubuhi, aliuliza akioga, aliuliza mbele ya wageni wakiwa wanasoma Yasini, na chumba kizima kikawa kinatazama mkeka. Mama mkwe alimjibu kwamba baba amesafiri. Neno lile halikumtosha mtoto, kwa hiyo lilifuatana na pipi. Wageni nao wakajifunza. Akiuliza, mkono wa mtu unaingia kwenye mkoba. Ilipofika mwezi wa tatu alikuwa haulizi tena, na sote tukasema mtoto ameshasahau, watoto husahau upesi.

La chupa ni langu peke yangu, sitamtwika mtu. Alikuwa ameacha chupa akiwa na miaka miwili. Wiki ya pili ya msiba akaidai tena, akalia, na mimi kilio sikukitaka. Nikampa. Niliijaza chai ya maziwa, nikatia sukari vijiko viwili, wakati mwingine vitatu kwa kuwa sikuwa nahesabu vizuri, akalala nayo mdomoni. Tulilala hivyo kila siku, mimi nikitazama feni, yeye akinyonya polepole hadi usingizi umchukue.

Meno alikuwa akisukutua mwenyewe, yaani alikuwa akitafuna mswaki na kumeza dawa ya meno. Hakuna aliyetazama. Siku chache kabla ya msiba mume wangu alikuwa ameona mistari myeupe, kama chaki, karibu na ufizi wa meno ya mbele, akasema tumpeleke mahali wakayatazame. Nilimwambia tutampeleka. Nilikumbuka maneno hayo baadaye sana, muda ambao kukumbuka hakusaidii kitu.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa nguo nyingine, nikashuka kwenda dukani. Duka letu ni dogo, la vitu vya ushonaji: vifungo, zipu, uzi, lastiki, ndoano za magauni. Kila aina ya kifungo ina boksi lake, na kimoja kimeshonwa kwa nje ili usifungue ukitafuta. Mume wangu ndiye aliyeshona vile vya nje, kimoja kimoja, akidai kwamba mimi ningevichanganya. Nilikaa kwenye kiti chake. Mtoto nilimweka chini kwenye kipande cha boksi, nikampa bakuli la vifungo visivyo na wenzake, na wateja wakaanza kuja na pole zao. Na pipi.

Alikuwepo mzee mmoja fundi wa suti, mwenyeji wa Kilimanjaro, aliyekuwa akinunua vifungo kwetu tangu mume wangu hajaota ndevu vizuri. Ni Mkristo na mambo ya madrasa hayajui, lakini thawabu haibagui, naye hakukosa pipi mfukoni. Siku hiyo alimchutamia mtoto akamwambia acheke, auone mwanya wa baba yake.

Mwanya kwetu ni uzuri; wapo wanaokwenda kuchongwa ili waupate. Mume wangu alikuwa na mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti, na mtoto alikuwa ameuchukua vilevile, katikati ya meno mawili ya mbele, kama aliyeazima akakataa kurudisha. Kila mtu sokoni aliujua. Alikuwa akiombwa kuuonyesha tangu meno yenyewe yalipoota.

Mtoto hakucheka. Alifunika mdomo kwa kiganja. Fundi akabembeleza, mtoto akainamisha kichwa, akaishika ile pipi na kuitia shavu la kushoto. Nikatambua kwamba siku nyingi nilikuwa nikimwona akitafuna kushoto tu. Nilikuwa nimeona na sikuwa nimeona.

Fundi alipoondoka nilimleta mtoto mlangoni kwenye mwanga, nikamwambia afungue mdomo. Alikataa. Nikamshika kidevu. Meno manne ya mbele, ya juu, yalikuwa yameliwa karibu na ufizi, rangi ya chai iliyokolea, na moja lilikuwa limemeguka ncha. Mwanya ulikuwa bado upo katikati. Nyuma, kulia, gego moja lilikuwa na tundu ambamo punje ya mtama ingeingia. Nilijua ilinipasa nishtuke, na sikushtuka. Nilimfuta mate nikampimia mteja zipu.

Nilipomwambia mama mkwe jioni ile, alianza kwa karafuu na maji ya chumvi, akamalizia kwa uamuzi. Hayo ni meno ya maziwa, alisema, yang'olewe yote mabovu, yatarudi mengine. Yeye mwenyewe aling'olewa na mjomba wake kwa uzi uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, na hadi leo anatafuna miwa. Nilijibu sawa. Sikufikiria sindano, wala nani angemshika mikono. Sikufikiria kwamba mwanya hauwezi kubaki meno yakiondoka. Nilisema sawa kama nilivyosema kwa kila kitu tangu siku ile, na ikapangwa kwamba kesho yake asubuhi tutaenda kung'oa.

Tulikata viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, mama mkwe mbele, mimi na mtoto nyuma. Watu walikuwa wakifunga turubai na kujaribu vipaza sauti vya mkutano fulani. Mtoto alikuwa amevalishwa gauni la Idi. Kwa nguo ile na haraka ile, akaona lazima kuna jambo kubwa, akauliza, "Tunaenda kwa baba?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza baada ya wiki nyingi. Mama mkwe hakugeuka hata kusimama. Mkono wake uliingia mkobani wenyewe, kama unaojua njia, ukatoka na pipi. Ndivyo tulivyoingia kwa daktari wa meno, mtoto shavu limevimba kwa pipi ya machungwa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Aliyetupokea alikuwa binti mdogo, nikamdhania ni wa kuandika majina, kumbe ndiye daktari mwenyewe. Alimpa mama mkwe shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akanyoosha kitambaa cha karatasi mbele ya mdomo wa mtoto na kusubiri. Alisubiri bila neno hadi pipi ikatemwa. Akaikunja akaitupa. Hakutusema, na nadhani ingekuwa nafuu kama angetusema.

Alinikalisha kwenye kiti, naye akakaa mbele yangu hadi magoti yetu yakagusana. Akasema nimpakate mtoto ananitazama, miguu kiunoni kwangu, kisha nimlaze polepole kichwa kiangukie mapajani mwake. Kwa hiyo mtoto alikuwa amelala katikati yetu, mikono yake nimeishika mimi, anaiona sura yangu, na mdomo wake uko kwa daktari. Hakulia. Yule binti alihesabu meno kwa sauti, taratibu, akiyaita wanafunzi, huyu yupo, huyu yupo, huyu anaumwa, na mtoto akawa anasikiliza kama anayengoja kuona nani ni mtoro.

Baadaye alitueleza. Ufizi haukuwa na usaha na mtoto hakuwa akiamka kwa maumivu, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kukimbilia kung'oa. Akiyang'oa, atalazimika kuchoma sindano ya ganzi, na mtoto wa umri ule hushikwa na watu wawili. Meno mapya ya mbele hayaji hadi miaka sita au saba, na hadi hapo atakaa pengo. Ipo njia nyingine.

"Hatuchimbi, hatuchomi," alisema. "Tunapaka tu."

Ilikuwa dawa ya maji yenye madini ya fedha ndani yake. Jino hukaushwa, hupakwa, basi. Inaua vijidudu vinavyokula jino na kuligandisha palepale lilipofikia, libaki hadi lidondoke lenyewe wakati wake ukifika. Haimrudishii kilicholiwa. Lile gego la nyuma angelivalisha kofia ndogo ya chuma siku nyingine, bila kuchimba, inasukumwa tu juu ya jino na mtoto mwenyewe anaiuma ikae. Nilimngoja aseme usipoziba ufa utajenga ukuta, maana nilimwona anaielekea, naye akaisema. Halafu akasema kuna jambo moja lazima tulijue kabla. Palipooza patakuwa peusi, tena weusi wa kudumu. Akatuonyesha picha ya mtoto mwingine kwenye simu.

Mama mkwe aliitazama picha ile muda mrefu. Alirudisha simu, akanigeukia mimi badala ya yule binti.

"Mtoto wa marehemu atembee na meno ya mkaa?" alisema. "Watu watasema baba yake kafa na mama yake kamtupa."

Lilikuwa kweli. Alikuwa akilia wakati akisema, machozi yanamtoka bila sura yake kubadilika, na nilielewa kwamba si meno tu aliyokuwa akiyaona. Alikuwa akimwona mjukuu anakaguliwa na Buguruni nzima. Yule binti akamwambia kwa upole, "Bibi, jeusi ndilo lililopona. Jino la kahawia ndilo bado linaoza."

Mama mkwe akasema ang'oe.

Yule binti akanitazama. "Mama ndiye anayeamua. Unasemaje, mama?"

Neno sawa lilikuwa limeshafika ulimini. Nilimtazama mtoto, aliyekuwa bado amelala magotini kwetu, mdomo wazi, amechoka kusubiri. Kutoka pale juu niliona meno manne mabovu na katikati yake lile pengo dogo la njiti ya kiberiti. Nilimwona mume wangu mlangoni pa duka anapiga mluzi kupitia hapo. Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miezi minne. Watu walikuwa wakimtaja mchana kutwa, na mimi sikuwa nimemwona hata mara moja.

"Hayang'olewi," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mwanya huo ni wa baba yake. Mpake."

Mama mkwe alitoka nje akakaa kwenye benchi.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Alimpaka mtoto mafuta ya mgando midomoni ili dawa isimchafue, akaweka pamba ndani ya mdomo, akapuliza hewa, akachovya kiburashi kidogo kuliko cha rangi ya kucha. Alipaka jino moja moja na kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mtoto alikunja uso, maana dawa ina ladha ya kulamba sarafu, lakini hakulia. Tone moja lilinidondokea kidole gumba. Yule binti alisema halina madhara, litatoka lenyewe baada ya wiki moja au mbili.

Ndipo akauliza ya nyumbani. Mtoto anakula vitu vitamu mara ngapi kwa siku? Nilijaribu kuhesabu wageni na wateja nikashindwa. Analala na chupa? Ndiyo. Mara ya mwisho lini? Jana. Nani anampa? Nikasema, mimi. Hakunihukumu, au kama alihukumu alifanya hivyo akiwa anaandika kadi. Aliniambia chai niipunguze siku hadi siku kwa kuongeza maji, hadi chupa ibaki na maji matupu. Mswaki nimpige mimi, asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Na pipi ziishe. Pipi zikiendelea, alisema, hata apake nini hapatapona kitu. Turudi kwa ajili ya ile kofia, na baada ya miezi sita apake tena.

Hadi alasiri meno yalikuwa yameshakuwa meusi ti. Na kidole changu pia. Mama mkwe alikiona nikimwaga mchele kwenye ungo. Mjane aliyetoka eda juzi, ana doa jeusi kidoleni kama aliyejipamba kwa piko. Kuanzia hapo alizungumza nami kupitia kwa mtoto. Mwambie mama yako chakula kipo. Muulize mama yako kama ataoga. Mtoto alikuwa amesimama nusu hatua kutoka kwangu, ananiletea ujumbe kwa bidii zote.

Chupa iliisha kwa siku tisa. Alilia tatu za mwisho, na mimi nilikaa kando yake nikisikiliza, kwa kuwa sikuwa na kitu cha kumpa. Pipi ndizo zilizonipa kazi. Kumpa yatima pipi mtu hahitaji akili. Kumnyima kunahitaji uso mkavu. Nilisimama mbele ya watu wema, wenye msiba wangu moyoni, nikawaambia warudishe mikono mkobani. Wengine walidhani nina kiburi. Mwanamke mmoja aliniambia ananyimwa thawabu zake. Yule mzee fundi alikuwa ameshanyoosha mkono nilipomkatalia; aliirudisha pipi mfukoni taratibu, akasema hakujua kama nimekuwa mkali hivyo, akaondoka bila vifungo alivyofuata. Wiki tatu hakuonekana.

Nilidhani nitajisikia vibaya. Nilijisikia kidogo tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unapoanza kurudi, na kurudi kwenyewe hakupendezi.

Na mtoto, pipi zilipokatika, akaanza tena kuuliza. Baba yuko wapi. Alianza kwa kupita tu, kisha akawa anauliza kila siku, akiwa kwenye bakuli lake la vifungo. Nilimjibu atenge vyekundu. Atenge vyenye matundu manne. Alitenga, kisha akauliza. Nilikuwa mjanja, nilikuwa na aina nyingi sana za vifungo.

Siku tuliyorudi kwa ajili ya kofia ya gego, mama mkwe alikuja nasi bila kuitwa. Alisimama mlangoni akatazama. Kofia ilisukumwa, mtoto akaambiwa aume kwa nguvu kama anauma mua, akauma, kikasikika kimlio, ikawa imekwisha. Asubuhi iliyofuata nilitoka bafuni nikamkuta amekaa mkekani, mtoto kalazwa miguuni kwake, kichwa mapajani, vilevile tulivyokalishwa kule, naye anampiga mswaki jino moja moja, akiyaita wanafunzi. Huyu yupo. Huyu yupo. Kuanzia hapo mswaki wa asubuhi ukawa wake.

Wiki ile ile alikuja jirani yake wa Buguruni kumjulia hali. Alimvuta mtoto, akamtazama mdomoni, akasikitika kwamba meno ya mtoto yameoza namna ile na nyumba ina watu wazima wawili. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisimama na sufuria mkononi nikisubiri.

"Hayajaoza," mama mkwe alisema. "Yamepona. Jeusi ndilo lililopona."

Baadaye aliniita jina langu, akaniuliza kama nitaongeza chumvi kwenye mchuzi. Aliniuliza mimi, moja kwa moja.

Mzee fundi alirudi siku ya Jumamosi, soko limejaa. Alikuwa anahitaji vifungo vyeusi vya koti, vya matundu manne. Alisimama mbele ya meza ya duka akanyoosha viganja vyote viwili wazi, kama mtu anayekaguliwa getini.

"Mikono mitupu, mama," alisema. "Nikaguliwe."

Nilimwambia anisamehe. Akasema yaishe, vifungo vya kule alikokwenda vinapasuka. Kisha akamchutamia mtoto, kwa taabu, akishika goti, akamwambia leo hana kitu, ila bado anadai kucheka kwake. Mtoto alimtazama ile mikono mitupu, akaona kweli haina kitu, na sijui kwa nini hilo likamchekesha. Alicheka, mdomo wote. Meno manne meusi, na katikati yake mwanya, sasa unaonekana kuliko zamani, maana weusi uliuzunguka pande zote mbili.

Fundi alisema kwa sauti ya chini, "Yeye kabisa."

Nililia. Sikuwa na tahadhari, ilikuwa saa sita mchana, watu wanapita mlangoni na mizigo kichwani, na mimi nimeweka paji la uso kwenye meza ya duka juu ya zipu, nikalia miezi yote mitano kwa mkupuo mmoja. Iliniuma. Nilikuwa nimesahau kwamba inauma, kifuani, mahali hasa. Fundi alitoka nje akasimama kwenye ngazi, mgongo kwetu, ili asinione na ili watu wengine wasiingie.

Nikahisi kiganja kidogo kichwani. Mtoto alikuwa amepanda kwenye kigoda, ananipapasa juu ya mtandio kutoka mbele kwenda nyuma, polepole, kama alivyopapaswa yeye na watu wote wale. Mkono mwingine ulikuwa umefumba kitu. Aliushika mkono wangu akakiweka ndani na kunifumbisha vidole.

"Masikini yatima wa watu," aliniambia. "Shika."

Ilikuwa pipi ya zamani, imeyeyuka na kuganda tena, karatasi imeshikana nayo. Alikuwa ameificha kwenye boksi la vifungo vya dhahabu ambavyo havinunuliwi. Sikujua aliiweka akiba kwa ajili ya nini. Niliibandua nikaitia mdomoni kwa kuwa alikuwa akisubiri, na nikaila, na kilio kikakata, kwa sababu mtu hawezi kulia vizuri akiwa na pipi mdomoni. Nilikijua hapo kile tulichokuwa tukimfanyia.

Alinitazama hadi nilipomaliza. Aliangalia kama mdomo wangu hauna kitu tena.

"Baba yuko wapi?"

Niliangalia maboksi yote ya vifungo. Kisha nikamshusha kutoka kwenye kigoda, nikampakata ananitazama, miguu kiunoni kwangu.

"Baba amekufa," nilisema. Lilikuwa neno ambalo mdomo wangu haukuwahi kulitamka, si kwa mtoto, si kwa mtu yeyote. "Aliumwa, akafa. Hatarudi."

Alifikiri. Alipitisha ulimi kwenye meno yake ya mbele, moja, la pili, kama siku hizi anavyofanya akifikiri.

"Hawakumpaka dawa?"

"Tulichelewa," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akanilalia kifuani, uso ndani, akaanza kulia, na sikumpa kitu chochote.